Sindano ya kupunguza uzito: tathmini yangu miezi 14 baada ya kuiacha

Tathmini nyingi za sindano hizi huandikwa mtu akiwa mwezi wa tatu au wa nne, nguo zimeanza kumpwaya na furaha imemjaa. Mimi pia ningeandika wakati ule ningetoa sifa tupu. Nimesubiri. Nilijichoma semaglutaidi, ile inayouzwa kama Wegovy au Ozempic, kila Jumapili usiku kwa miezi 16, nikaiacha, na sasa ni miezi 14 tangu sindano ya mwisho. Ninayoitathmini hapa ni dawa yote, pamoja na kile kipande ambacho hakuna aliyenionyesha wakati naanza: maisha baada ya kalamu ya mwisho, yaani sindano yenye umbo la kalamu, kwisha.

Mimi ni fundi cherehani. Futi inaning'inia shingoni kuanzia asubuhi hadi jioni, kwa hiyo vipimo vyangu si vya kubahatisha. Nilianza nikiwa na kilo 98, kiuno inchi 43. Siku ya sindano ya mwisho nilikuwa na kilo 81, kiuno inchi 36. Leo asubuhi mizani imesoma 89, kiuno inchi 39 na nusu. Katikati hapo nilifika 92, na hiyo 92 ndiyo iliyonifanya nikae chini niandike.

Niseme kwanza ilivyonisaidia, maana sitaki mtu adhani nimekuja kulalamika tu. Kabla ya sindano, chakula kilikuwa kinanisemesha siku nzima. Naweka kola kwenye gauni la mteja, akili iko jikoni inahesabu kilichobaki. Nakula, nashiba, na baada ya dakika 20 maongezi yanaanza upya. Nilipopandishwa dozi mara ya pili, siku moja nilishtuka kuona ni saa kumi jioni na sijawaza chakula tangu mchana. Kimya. Nilikaa kwenye kiti changu cha kushonea nikalia, kwa sababu ndipo nilipoelewa kwamba watu wengine huishi hivi kila siku bila kujua ni neema.

Maudhi yalikuwepo. Kichefuchefu kila dozi ilipopandishwa, siku mbili tatu kisha kinatulia. Choo kigumu. Mwezi wa tano nywele zikaanza kubaki kwenye kitana, jambo ambalo huwapata watu wengi wanaopungua haraka kwa njia yoyote ile, na baadaye zikarudi. Hayo nilielezwa mapema na niliyavumilia.

Namna inavyofanya kazi ni muhimu kuijua, kwa sababu ndiyo inayoeleza kinachotokea ukiacha. Tukila, utumbo hutoa homoni iitwayo GLP-1. Homoni hiyo huliambia kongosho litoe insulini, huchelewesha chakula kutoka tumboni, na hupeleka habari kwenye ubongo kwamba imetosha. Ile tunayoitengeneza wenyewe hudumu dakika chache tu kisha huvunjwa. Semaglutaidi imetengenezwa ifanane nayo lakini isivunjwe upesi: huchukua kama wiki moja kupungua kufikia nusu. Ndiyo maana sindano moja inatosha wiki nzima. Na ndiyo maana pia ukiacha haikutoki mwilini siku ile ile.

Chukua kitambaa ukikunje nusu. Kikunje tena. Ukifika mkunjo wa tano umebakiwa na kipande kidogo, kama asilimia 3 ya ulichoanza nacho. Ndivyo dawa inavyoondoka mwilini, mkunjo mmoja kila wiki, na baada ya wiki tano hadi saba imekwisha. Ningekuwa nimeambiwa jambo hili dogo tu, nisingedanganyika na wiki zangu mbili za kwanza.

Maana wiki hizo mbili nilijiona nimepona. Niliacha kwa sababu mbili: gharama ilikuwa imenielemea, na niliamini kazi imekwisha. Kilo 17 zimeondoka, nimejifunza kula kidogo, sasa naweza kusimama mwenyewe. Kliniki niliyoanzia, ambayo siitaji jina, ilinipa kijitabu kizuri cha namna ya kuanza: mahali pa kuchoma, jinsi ya kuhifadhi kalamu kwenye friji, ngazi za dozi kuanzia miligramu 0.25 hadi 2.4. Ukurasa wa kuacha haukuwamo. Nilipopiga simu kuwaeleza kwamba siendelei, aliyepokea aliniambia, "Hongera sana mama, sasa wewe endelea tu kula vizuri." Simu ikakatwa. Huo ndio ushauri wote niliopewa wa kuacha dawa iliyokuwa imeshika njaa yangu kwa mwaka mmoja na zaidi.

Wiki hiyo hiyo nilifanya jambo ambalo fundi mwenzangu angenikemea. Nilibana magauni yangu yote 11, na ile sehemu iliyozidi ndani ya mshono nikaikata kwa mkasi. Huwa sifanyi hivyo kwa nguo ya mteja. Huwa naacha kitambaa cha akiba ndani, mtu anene, ajifungue, akonde, nguo iweze kuachiwa. Kwa nguo zangu mwenyewe nilikata mpaka kwenye ukingo wa mshono, kwa sababu sikutaka kuacha nafasi ya kurudi nyuma.

Ilikuwa Alhamisi ya wiki ya nne, kama saa tatu usiku. Nimekula, vyombo vimeoshwa, nimekaa natoa nyuzi kwenye pindo la sketi. Kisha nikajikuta nimesimama mbele ya friji, mlango wazi, baridi inanipiga miguuni, mkono mmoja umeshika kifuniko cha bakuli la mabaki ya mchana. Sikumbuki kuinuka kwenye kiti. Sketi ilikuwa bado begani kwangu na sindano imechomekwa kwenye kitambaa. Binti yangu akapita nyuma yangu.

"Mama, unatafuta nini?"

"Maji."

Chupa ya maji ilikuwa mezani, pale pale nilipokuwa nimekaa. Aliiona, nami nikaiona. Hakusema neno, akaenda kulala.

Nataka msomaji aelewe njaa hii ni ya namna gani, maana hapa ndipo watu wengi hujilaumu. Haikuwa ile njaa ya tumbo kunguruma. Tumbo lilikuwa limejaa. Ilikuwa ni yale maongezi yamerudi, na kwangu yalirudi kwa sauti kubwa kuliko nilivyoyaacha. Sahani iliyokuwa ikinishibisha mwezi uliopita ikawa kama kionjo. Kwa wiki tatu nilipambana kwa kutumia nidhamu niliyodhani nimejifunza, na kila usiku nilishindwa nikajiita majina ambayo nisingemwita hata adui yangu.

Baadaye nilielewa. Mafuta ya mwili hutoa homoni iitwayo leptini, inayouambia ubongo kwamba akiba ipo. Mafuta yakipungua, leptini hupungua, na ubongo husoma habari hiyo kama njaa inakuja nyumbani. Homoni nyingine, gherelini, inayoamsha hamu ya kula, huongezeka. Mwili mdogo pia unatumia nguvu kidogo kuliko mwili mkubwa. Mwaka 2011 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya watu 50 waliopunguzwa uzito kwa mlo mkali bila sindano hizi, wakawapima tena mwaka mmoja baadaye. Homoni za njaa zilikuwa bado hazijarudi zilikokuwa mwanzo; mwili ulikuwa ungali unavuta kurudisha kilichoondoka. Dawa haiondoi mvutano huo. Inauzuia tu wakati ipo. Ukiitoa, unakutana na mvutano wote kwa pamoja, na ukiwa na kilo 17 pungufu una mengi ya kuvutwa nayo.

Mwezi wa kwanza niliongezeka nusu kilo. Mwezi wa tatu kilo 3. Hapo nikafanya kosa langu la pili: nikaificha mizani chini ya majora ya kitambaa kwenye kona ya karakana na sikuipanda kwa miezi miwili na nusu. Niliendelea kuwapima wateja viuno kila siku huku kiuno changu sitaki kukijua. Zipu ndiyo iliyonieleza. Gauni la bluu, lile nililolipenda kuliko yote, lilikataa kufunga sentimita nne chini ya kwapa, na nilipoligeuza kutafuta akiba ndani ya mshono sikukuta kitu. Nilikuwa nimeikata mwenyewe.

Kilichonirudisha hospitali wala hakikuwa uzito. Kichwa kilikuwa kinaniuma kisogoni siku ya tatu mfululizo. Muuguzi akanipima presha: 148 kwa 94. Akapima tena mkono wa pili. Akaniuliza dawa ninazotumia, nikasema hakuna, nikamweleza kwamba zamani nilikuwa nameza kidonge cha presha, uzito uliposhuka daktari akakiondoa kwa sababu presha ilikuwa imetulia kwenye 122 kwa 78.

"Na uzito ulishuka kwa nini, mama?"

Nikasita. Nikamwambia.

"Uliacha sindano lini?"

"Miezi saba."

"Baada ya kuacha, kuna mtu aliyekuita kupima presha?"

"Hapana."

Akaweka kalamu yake ya kuandikia mezani. Alikuwa kijana, angeweza kuwa mwanangu, lakini aliongea nami kwa heshima na bila haraka kuliko mtu yeyote aliyewahi kunihudumia kwa habari ya uzito. Akaniambia, "Mama, hujafanya kosa. Dawa imeondoka, kwa hiyo ilivyokuwa ikivizuia vimerudi. Uzito ni kimoja, presha ni cha pili. Kilichokosekana ni mtu wa kukufuatilia."

Kisha akanipa takwimu, na nilizihitaji kuliko faraja. Katika jaribio kubwa la semaglutaidi, kundi moja la watu 327 lilifuatiliwa mwaka mzima baada ya kuacha dawa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2022. Waliokuwa wametumia dawa walikuwa wamepungua kwa wastani wa asilimia 17.3 ya uzito wao katika wiki 68. Mwaka mmoja baada ya kuacha, theluthi mbili ya walichopunguza ilikuwa imerudi; walibaki wamepungua asilimia 5.6 tu kutoka mwanzo. Presha na vipimo vingine vya damu vilivyokuwa vimeboreka navyo vilikuwa vinarudi kule vilikotoka. Na watu hao walikuwa wamepewa ushauri wa lishe na mazoezi muda wote wa dawa.

Nikapiga hesabu pale pale, hesabu ni kazi yangu. Kilo 17, theluthi mbili yake ni kama 11. Nimetoka 81. Kumi na moja juu yake, 92. Siku ile nilikuwa 89, na miezi mitatu baadaye nikafika 92 kamili, kama vile kuna mtu alikuwa amenishonea kwa kipimo hicho. Nilikuwa nimeishi miezi saba nikiamini mimi ni mlafi kuliko watu wote, kumbe nilikuwa mtu wa wastani kabisa.

Nilitoka na kidonge changu cha presha na hasira. Hasira ilikuwa hii: takwimu hizo zilikuwepo siku niliponunua kalamu ya kwanza. Jaribio la mwaka 2021 lilikuwa limeshaonyesha kitu kile kile: watu 803 walitumia semaglutaidi wiki 20, kisha baadhi yao wakabadilishiwa bila kujua wakawa wanachomwa sindano isiyo na dawa. Walioendelea na dawa walizidi kupungua kwa karibu asilimia 8, waliobadilishiwa wakapanda kwa karibu asilimia 7. Anayeuza huduma hii anajua. Kumwambia mteja ni sehemu ya huduma. Mimi nikijua kitambaa kitarudi kikifuliwa, namwambia mteja kabla sijakata, hata kama atabadilisha mawazo na kuondoka.

Mteja wangu mmoja anatumia tizepataidi, ile inayouzwa kama Mounjaro au Zepbound, na aliponisikia akasema yake ni nyingine, ina nguvu zaidi. Ni kweli ina nguvu zaidi. Inaigiza homoni mbili badala ya moja. Lakini habari ya kuacha ni ile ile. Katika jaribio lake, watu walipungua kwa wastani wa asilimia 20.9 katika wiki 36. Waliobadilishiwa wakapewa isiyo na dawa, uzito wao ukapanda asilimia 14 ndani ya mwaka uliofuata. Nilimwandikia kwenye kipande cha karatasi cha ruwaza, akakiweka kwenye mkoba.

Kuna mambo niliyoyaogopa ambayo hayakutokea. Sikupata arosto: hakuna kutetemeka, hakuna jasho, hakuna usiku wa mateso. Dawa hii haikushiki namna hiyo. Choo kikarudi kawaida ndani ya mwezi. Kichefuchefu kikaisha kabisa, na nikaweza tena kukaa mezani na ndugu zangu nikamaliza sahani bila kuisukuma pembeni. Hilo nililifurahia na bado nalifurahia.

Na kuna jambo ambalo sikuliogopa, nalo likaniumiza. Misuli. Mtu akipungua kwa kasi hapungui mafuta peke yake; sehemu ya kilo zinazoondoka ni nyama ya mwili yenyewe, na katika baadhi ya vipimo vya watumiaji wa semaglutaidi sehemu hiyo ilikaribia asilimia 40. Nilikuwa nimeanza kuliona bila kulielewa. Karakana yangu ina rafu tatu, na jora zito la kitambaa cha makoti hukaa rafu ya juu. Miaka yote nililipandisha mwenyewe. Mwezi wa kumi na tatu wa sindano nililiinua likafika kifuani likakwama; mikono ikaanza kutetemeka, nikalirudisha chini nikamwita kijana wa jirani. Nikajiambia nimezeeka. Kilo ziliporudi hazikurudi na nguvu hizo, kwa sababu mtu asiyefanya kazi ya kujenga misuli hurudishiwa zaidi mafuta. Kwa hiyo kilo 89 za leo si sawa na kilo 89 nilizopita wakati nashuka, na futi inalijua hilo kuliko mizani.

Hapo ndipo yule muuguzi alipokazia zaidi. Alinipangia miadi kila mwezi, na sehemu hii ya tathmini ni sifa tupu. Mizani mara moja kwa wiki, Jumatatu asubuhi, siyo kila siku na siyo kamwe. Kiuno kwa futi siku hiyo hiyo. Daftari. "Kilo mbili zikipanda nipigie simu, mama, usisubiri zifike kumi." Protini kwenye kila mlo, iwe mayai, samaki, nyama au jamii ya maharage, na ianze yenyewe kuliwa kabla ya vingine. Kulala mapema, jambo ambalo fundi mwenye nguo za harusi Jumamosi hulisikia kama utani, lakini nimeona mwenyewe kwamba usiku wa saa nne za usingizi huzaa siku ya kula ovyo.

Na mazoezi ya nguvu, mara tatu kwa wiki. Kuinuka kwenye kiti bila kushika, mara 10, kupumzika, kurudia. Kusukuma ukuta. Kubeba ndoo mbili za maji kutoka mlangoni hadi uani na kurudi. Nilimwuliza kama inafaa kitu au ananipa la kufanya tu. Akanieleza utafiti wa Denmark kuhusu liraglutaidi, dada mkubwa wa semaglutaidi, ile inayochomwa kila siku. Watu walitumia dawa peke yake, au mazoezi peke yake, au vyote viwili kwa mwaka. Mwaka mmoja baada ya kila kitu kusimamishwa, waliokuwa wametumia dawa bila mazoezi ndio waliorudisha uzito zaidi, na waliochanganya walibaki na faida kubwa kuliko wao. Nilipata uchungu kusikia hivyo, maana nilikuwa na miezi 16 ya njaa iliyotulia ambayo ningeweza kuitumia kujenga mwili, na niliitumia kubana magauni.

Mazoezi hayo niliyaanza nikiwa 92. Miezi minne sasa nimeshuka hadi 89, na wiki tano zilizopita namba haijasogea, juu wala chini. Jora la makoti nimelipandisha rafu ya juu mwezi uliopita, peke yangu, mlango umefungwa.

Kabla sijasahau, kuhusu kalamu iliyobaki. Mwezi wa nne baada ya kuacha niliikuta nyuma ya friji, ya dozi ile ya juu, haijafunguliwa, muda wake haujaisha. Nilikuwa nimeshaifungua kofia. Sijui nini kilinizuia, nashukuru tu. Ukikaa muda mrefu bila dawa, mwili umesahau, na kurudi moja kwa moja kwenye dozi ya juu ni kujitafutia kutapika kwa kiasi cha kulazwa. Kurudi huanzia chini, kwenye 0.25, kwa ngazi zile zile, na anayepanga ni daktari. Wala usimpe mwenzio. Ndugu yangu aliniomba hiyo hiyo, nikamkatalia, akanuna wiki mbili.

Wenye kisukari mambo yao ni mazito kuliko yangu, kwa sababu sukari nayo hupanda dawa ikiondoka, na asiache mtu kimyakimya kama nilivyofanya. Kwa anayetaka kubeba mimba, semaglutaidi inatakiwa iachwe angalau miezi miwili kabla. Bibi harusi mmoja niliyemshonea alikuwa hajui, nikamwambia huku nampima bega, na akaenda kuuliza.

Sasa hukumu yangu. Dawa yenyewe, ikiwa mwilini, naipa nyota nne kati ya tano, na ya tano nimeizuia kwa sababu ya misuli. Huduma niliyopewa na wale walioniuzia naipa moja, nayo ni kwa ajili ya kile kijitabu cha kuanza. Muuguzi aliyenikuta nimeshaanguka nampa zote tano.

Je, ningeanza tena nikijua ninayoyajua? Ndiyo, lakini ningeanza na maswali mengine mdomoni. Ningeuliza: mnanitarajia niitumie muda gani, na kama ni maisha, kwa nini hamsemi? Maana kwa watu wengi unene ni ugonjwa wa kudumu kama presha. Kidonge cha presha nilikiacha, presha ikarudi, na hakuna aliyeniita mvivu. Ningeuliza nikishindwa kulipa nitaiacha vipi, nani atapima presha yangu mwezi wa kwanza, wa tatu na wa sita, na mazoezi ya nguvu yanaanza wiki gani. Asiyeweza kujibu maswali hayo sitampa pesa yangu, hata kalamu zake ziwe bora namna gani.

Kilo 9 bado hazijarudi. Ukipima kutoka 98, hiyo ni kama asilimia 9, na magoti yangu yanaitambua kila ninapokanyaga pedali ya cherehani. Sizidharau.

Gauni la bluu nimelifumua wiki iliyopita. Nimeongeza vipande viwili ubavuni, rangi iliyokolea kidogo, vinaonekana kama ni mtindo, na safari hii nimeacha inchi nzima ndani ya kila mshono. Miadi yangu ni Jumanne. Naenda na daftari, kurasa 31 za Jumatatu, ili mimi na muuguzi tumwulize daktari kama kuna sababu ya kurudi kwenye dozi ndogo nikiwa nafanya mazoezi, au niendelee hivi hivi.